Kumchora Kiumbe Ambaye Hajaumbwa

Mwaka 2001 wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuiharamisha Pokémon, gemu ya Kijapani iliyokuwa imewateka watoto karibu kila pembe ya dunia. Waliona kamari katika kadi zake, na alama za itikadi nyingine katika picha zake. Fatwa hiyo iliibuka tena mwaka 2016, wakati Pokémon Go ilipowatoa watu majumbani wakizurura mitaani na simu mkononi. Kisha mwaka 2025 kampuni ya Scopely, iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa dola hiyohiyo ya Saudia, ikainunua Pokémon Go pamoja na gemu nyingine za Niantic, kampuni iliyoitengeneza, kwa dola bilioni 3.5.

Kamari ina hukumu yake na haihitaji mjadala mrefu. Lakini mtoto wa Mombasa au Unguja aliyejilaza mkekani na daftari lake, akimchora Pikachu, kiumbe wa gemu hiyo, kwa penseli ya manjano, hachezi kamari na hanunui chochote. Swali linalomhusu ni la kale kuliko gemu zote: je, inafaa kuchora chenye roho? Na huyo Pikachu, ambaye Mungu hakumuumba popote, ana roho gani?

Onyo lenyewe ni zito na halifai kupunguzwa uzito. Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim zinasema watengeneza picha wataamrishwa Siku ya Kiyama wavitie uhai walivyovifanya, nao hawataweza. Mtu mmoja aliyekula kwa kazi hiyo alimwendea Sahaba Ibn Abbas, akaelekezwa kwenye miti na vitu visivyo na roho. Athari ya mwelekeo huo inaonekana pwani yetu mpaka leo, katika milango ya Lamu na Mji Mkongwe: maua, majani, minyororo iliyofungamana. Hata samaki anapotokea kwenye mbao hizo, fundi amemgeuza nakshi. Ustadi mkubwa ulikua ndani ya mpaka huo, na anayeuita mpaka huo ufukara wa sanaa hajasimama mbele ya mlango mmoja akautazama.

Hata hivyo ipo riwaya nyingine, katika Abu Dawud, ambayo inastahili kusomwa taratibu. Mtume alirudi kutoka safari ya vita, upepo ukafunua pazia la rafu ya mkewe Bi Aisha, wanasesere wake wakaonekana. Katikati yao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume akauliza ni nini kile, na kile kilicho juu yake ni nini. Alipojibiwa kuwa ni mbawa, akashangaa: farasi na mbawa? Bi Aisha akamuuliza kama hajasikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Farasi yule hakuigwa kutoka zizi lolote la Madina. Alitoka kwenye kisa, kama Pikachu alivyotoka kwenye kisa.

Mafakihi wengi waliwatoa wanasesere wa watoto katika katazo, wakisema mtoto hujifunza ulezi kwa kuwachezea. Juu ya michoro walitofautiana. Wengi wa Wamaliki waliliweka katazo kwenye sanamu yenye kiwiliwili na kivuli. Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani, walikuwa wakali zaidi, na katika vitabu vyao wapo waliomjadili hata mnyama asiye na mfano duniani na kusema hukumu yake ni ileile. Lakini walikubali kwamba umbo lililokatwa kichwa hubaki kama mti. Kwa kanuni hiyo mtoto anaweza kuchora mkia wa Pikachu peke yake, ule uliopinda kama radi, na kila rafiki yake atajua ni wa nani.

Mkia huo nao una somo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge, walichapisha utafiti kuhusu picha maarufu ambazo watu wengi huzikumbuka vibaya kwa namna moja. Wengi walikuwa na hakika kwamba ncha ya mkia wa Pikachu ni nyeusi. Si kweli: mkia ni wa manjano, na rangi ya kahawia iko kwenye shina. Kumbe hata kwa kiumbe asiyekuwapo kuna kukosea na kupatia, na anayetaka kumchora sawasawa hana budi kutazama upya kile anachodhani anakijua.

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alimlaumu mchoraji kwa kuiga kitanda cha seremala, ambacho nacho ni mwigo wa kitanda cha kweli. Kwa Pikachu ngazi hiyo inakatika, kwani hakuna mnyama nyuma ya picha. Yupo Atsuko Nishida, mchoraji wa Kijapani aliyembuni kwa ajili ya gemu iliyotoka mwaka 1996, na mwaka 2018 alieleza alikoanzia: andazi la mchele liitwalo daifuku, kisha mashavu ya kindi anayehifadhi chakula mdomoni. Mashavu kutoka kwa kindi, umeme kutoka mawinguni. Hapo ndipo hofu ya binadamu kushindana na Muumba inapopungua nguvu, maana mbunifu hodari hakupata hata kiungo kimoja ambacho hakikuwa kimeshaumbwa. Mtoto anayemfuata Nishida mstari kwa mstari yuko mbali zaidi na kiburi hicho.

Linalobaki ni moyo, na hapa wazee wana haki ya kuhangaika. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Bi Aisha alikuwa na pazia lenye picha, na Mtume akataka liondolewe kwa kuwa picha zake zilimjia katika sala. Katika riwaya nyingine Bi Aisha mwenyewe alilikata pazia la namna hiyo akafanya mito, na Mtume akaiegemea. Picha zilihama kutoka ukutani hadi mahali pa kukalia. Mwalimu wa madrasa anayelikuta daftari la michoro angefanya vyema kuuliza linawekwa wapi, na linachukua nini katika muda wa sala na wa masomo, kabla ya kuinyakua penseli.