Kisanduku Kitupu Kinaweza Kudanganya?

Natengeneza seti ya vifungashio vya kahawa kwa mkono hapa Nyeri: mfuko wa karatasi ya kaki, kisanduku cha manila na lebo ya kuvizungushia. Kahawa yenyewe haipo. Hakuna mteja wala malipo. Ni kazi yangu binafsi, ya kuonyesha watu ninachoweza. Ukifungua kisanduku utapata hewa. Sasa, nikiandika jambo lisilo kweli juu ya kitu kitupu, kwani nimemdanganya nani?

Jibu rahisi ni kwamba hakuna. Nimeandika "gramu 250" na siwezi kulala macho kwa sababu ya hilo. Mwigizaji akivaa taji jukwaani hakuna anayemshtaki kwa kujifanya mfalme. Mchezo unajulikana.

Kwa picha ya mbele, mambo hubadilika. Unajua vile lebo za kahawa hukaa: mlima nyuma, mzee mmoja anatabasamu, viganja vimejaa matunda mekundu, na chini jina la shamba moja. Inavutia, tena sana. Lakini mkulima mdogo wa Tetu, Othaya au Mathira huchuma, hupeleka matunda kwa kiwanda cha chama cha ushirika, yanapimwa, kisha yanamwagwa pamoja na ya majirani. Yanamenywa, yanachachushwa, yanaoshwa, yanaanikwa. Zile herufi AA baadaye hupima ukubwa wa punje. Hazijui shamba la nani. Kumpa mzee mmoja kahawa yote ni kuwafuta mamia ya wengine.

Na kufutwa huku kuna historia. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kupanda kahawa. Kanuni zililegezwa kidogo miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, kisha Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukafungua mlango zaidi. Kwa hivyo jina "Nyeri" kwenye lebo limebeba watu waliowahi kunyimwa mmea wenyewe. Si pambo.

Rafiki ataniambia: tulia, ni kisanduku kitupu. Sawa, lakini picha yake itaenda mtandaoni, mtu aipende, kisha aniajiri nimfanyie hivyo hivyo, safari hii kukiwa na kahawa ndani. Kisanduku ni kitupu; mazoea yangu yana uzito.

Wala kufanya kwa mkono hakunitakasi. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, karatasi ya kaki imevaa sura ya uadilifu. Ukiiona unafikiria shamba, usafi, watu waaminifu. Ukweli ni kwamba kaki tupu haiwezi kuzuia hewa na unyevu, ndiyo maana mifuko mingi ya kahawa ya aina hiyo ina utando wa plastiki au foili ndani. Karatasi nayo inajua kusema nusu ya ukweli.

Faida ya mkono ni ucheleweshaji tu. Kila upande unaupima kwa rula, unaukata kwa wembe, unaukunja, unangoja gundi ikauke. Kwa muda huo swali linapata nafasi ya kukukalia.

Basi mzee simweki. Upande wa nne nimeandika: "Kahawa hii ni ya kubuni. Ingekuwepo, ingetoka kwa wakulima wengi, ikachanganywa kiwandani." Huenda haiuzi kama tabasamu. Lakini siku mteja atakapokuja na pesa mezani, kusema "hapana" kutakuwa kugumu zaidi kuliko leo, kwa hivyo afadhali nianze kujizoeza sasa.

Kazi isiyo na mteja inakupa uhuru, ni kweli. Pia inakunyima bosi wa kusingizia.