Kumi na Minane Kasoro

Jumamosi, kwa kinyozi wetu hapa Tottenham, mashine ilisimama katikati ya kisogo changu. Televisheni ilitaja kijana wa miaka 16 aliyemchoma mwenzake kisu, na mzee mmoja wa Mombasa, ninayemwamkia kila wiki, akasema: "Mwenye umri wa kuua ana umri wa kunyongwa. Basi." Kinyozi akaitikia. Nikasema hapana, Mzee. Nikashindwa ubishi ule mbele za watu, na hadi leo unaniwasha.

Mtoto ni nani, sheria imeshasema: aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unakataza kumhukumu kifo kwa kosa la umri huo. Sheria za Kenya na Tanzania nazo zinakataza. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni hilo la "umri wa kuua". Kuua hakuna umri. Mtoto wa miaka 4 akiokota bastola ya babake anaua. Mzee amechukua nguvu ya mkono akaiita ukomavu. Je, kwingine tunakubali hivyo? Msichana wa miaka 13 anaweza kushika mimba. Nani atasema basi ana umri wa kuolewa? Wapo, na tunawajua. Mvulana wa miaka 15 anaweza kuendesha matatu kutoka Likoni hadi Ukunda bila kugusa mtu, na leseni hapewi. Akitaka kupiga kura au kukopa benki, anaambiwa subiri, akili haijatimia. Sasa akili hiyo itimie usiku mmoja kwa sababu ameshika kisu? Yaani uovu umfanye mtu mzima, na wema umwache mtoto? Mzee akanipiga na "samaki mkunje angali mbichi". Sawa, akunjwe. Kitanzi kinakunja nini?

Wapo wasemao magenge huwatuma watoto kwa kuwa hawanyongwi. Basi anyakuliwe aliyewatuma. Na mama wa aliyeuawa, ambaye uchungu wake haupungui kwa udogo wa muuaji, huyo sina la kumjibu.

Lakini umri wenyewe nao ni karatasi tu. Wazee wangapi wa kwetu wana tarehe 1 Januari kwenye pasipoti? Bibi yangu alizaliwa "mwaka wa nzige", na afisa akamchagulia siku. Mwaka juzi nilimtafsiria kijana kutoka Kivu aliyesema ana miaka 16. Mhoji wa uhamiaji alimtazama ndevu, chache kama za mahindi machanga, akaandika mtu mzima. Kijana aliniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, niseme nini ili niwe mdogo?" Nikakosa neno. Kumbe ndevu nazo zinahukumu.

Na mstari huo wa 18 umewahi kukata vibaya hapahapa London. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, juu ya paa la ghala huko Croydon, Christopher Craig, miaka 16, alimpiga risasi konstebo Sidney Miles akamuua. Mwenzake, Derek Bentley, miaka 19, hakufyatua risasi. Polisi walikuwa wameshamkamata kabla Miles hajauawa. Hakujua kusoma, na akili yake ilipimwa ikaonekana ya mtoto wa miaka kama 11. Baraza la mahakama liliomba ahurumiwe. Craig hakuweza kunyongwa kwa umri wake, akafungwa kwa muda atakaoridhia Malkia. Bentley alinyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 28 Januari 1953.

Ningemwambia Mzee haya, angecheka: mstari wako huo! Ndiyo, ulimwokoa aliyeua ukamwacha aliye mtoto wa akili. Nikiuondoa, nimempa mhoji wa ndevu kamba. Nikiubakiza, Bentley yuko upande wa pili. Pengine wa kuondolewa ni kitanzi wala si mstari, ila hapo nimeshatoka kwenye ubishi wa Jumamosi.

Hukumu ya Bentley ilifutwa tarehe 30 Julai 1998. Dada yake Iris, aliyepigania ifutwe kwa zaidi ya miaka 40, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Craig alitoka gerezani mwaka 1963, akawa fundi bomba.