Zamu ya Maji ya Ngamia



Zamani mtu wetu wa pwani aliyekwenda Makka na Madina, akisha kutimiza ibada yake, alirejea kwao na maji ya zamzam na tende, na mazungumzo yake yakawa ya Haram mbili tu. Siku hizi limezuka jambo jingine. Saudi Arabia ilifungua mlango wa viza za utalii mwaka 2019, na mwaka uliofuata, 2020, mji wa kale wa Al-Hijr, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Madain Saleh, ukafunguliwa tena kwa wageni. Basi watu huulizana kabla hata ya kukata tikiti: "Tukisha kuzuru Madina, kwa nini tusiongeze siku mbili tatu tukayaone yale majumba yaliyochongwa majabalini?"

Je, safari hiyo yafaa? Na kama yafaa, aendaye aende na moyo gani? Haya ndiyo tunayotaka kuyatazama. Nami nayatazama nikiwa Ubaruku, katika bonde la Usangu, mkoa wa Mbeya, penye mashamba ya mpunga, mbali na bahari na mbali zaidi na jangwa. Msomaji ataona huko mbele kwamba pahala hapa si pageni katika habari hii.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Al-Hijr uko kaskazini ya Madina, mwendo wa zaidi ya kilometa 300, na kama kilometa 20 kutoka mji wa Al-Ula. Ni uwanda wa mchanga wenye majabali makubwa, na katika majabali hayo mmechongwa milango kwa ufundi wa ajabu, yenye nguzo na ngazi na sanamu za ndege. Yamehesabiwa makaburi makubwa 111, na katika hayo 94 yana mapambo. Liko jabali moja limesimama peke yake, Waarabu huliita Qasr al-Farid. Mafundi walianza kulichonga juu wakateremka, na huko chini kazi haikumalizika mpaka leo. Mwaka 2008 UNESCO waliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, nao ulikuwa wa kwanza kutiwa kutoka Saudi Arabia. Ndugu yake ni Petra ya Jordan, uliokuwa mji mkuu wa Wanabati.

Wataalamu wa mambo ya kale wasema kuwa michongo tunayoiona leo ni ya Wanabati hao, na kuwa maandishi yake yenye tarehe ni ya karne ya kwanza baada ya Nabii Isa (A.S.). Thamud ni wa kale zaidi. Jina lao latajwa katika maandishi ya mfalme Sargon wa Ashuri, katika habari za mwaka 715 kabla ya Nabii Isa. Mtu asibabaishwe na jambo hili. Umma hupita ukafuatwa na umma mwingine, na makao ya aliyeondoka hukaliwa na mwenziwe, kisha naye akaondoka vile vile. Sisi pahala pale twapajua kwa sababu Mtume wetu (S.A.W.) alipita pale, na masahaba zake wakapajua kuwa ndipo yalipokuwa maskani ya Thamud, watu wa Nabii Swaleh (A.S.).

Ilikuwa mwaka wa 9 wa Hijra, katika safari ya Tabuk. Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar twaelezwa kuwa Mtume aliwakataza masahaba wasiingie kwa wale walioadhibiwa ila wawe wanalia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wale. Kisha akajifunika kichwa chake, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde. Tena masahaba walikuwa wamekwisha teka maji katika visima vya pale na kukandia unga. Akawaamrisha wayamwage maji hayo, na ule unga uliokandwa wawape ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaleh.

Kwa hadithi hizi wako wanavyuoni waliosema kuwa haifai kwenda pale kwa matembezi. Wengine wakasema kuwa Kurani katika pahala pengi yatuamrisha tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha. Na mtu atautazamaje asipokwenda? Ukizikutanisha hoja hizi mbili utaona kuwa hazigombani. Lililokatazwa ni moyo ulioghafilika: kuingia pahala pa adhabu kama mtu anayeingia katika bustani ya starehe. Na lililoamrishwa ni jicho lenye kuzingatia. Mguu ni ule ule mmoja. Kinachobadilika ni kile kilichomo kifuani mwa mwenye mguu.

Lakini kuzingatia nini? Hapa ndipo wengi tunapopita juu juu. Mtu husimama mbele ya jabali, hutikisa kichwa, akasema: "Walikuwa na nguvu, na leo hawapo." Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kila mtu atakufa, mwema na mwovu, na mwenye kibanda cha makuti hufa kama mwenye kasri la jiwe. Kama fundisho la Al-Hijr lingekuwa ni kufa tu, kaburi lolote la mtaani kwetu lingetosha, wala hapangekuwa na haja ya viza.

Tuirudie Kurani. Thamud hawatajwi kwa kuchonga majabali peke yake. Watajwa kuwa ni wakulima: walikuwa na mabustani na chemchemi, na mimea, na mitende yenye makole mororo. Basi Mwenyezi Mungu akawajaribu kwa jambo gani? Akawaletea ngamia, na akawawekea sharti jepesi: maji yagawanywe, ngamia awe na siku yake ya kunywa, na wao wawe na siku yao. Hawakunyang'anywa mashamba wala majumba. Waliambiwa waheshimu zamu ya maji ya kiumbe asiyekuwa na hati, asiyekuwa na jamaa wa kumtetea, asiyejua kusema. Hilo likawashinda.

Na ajabu ni kuwa hata wale waliokuja baadaye wakachonga makaburi hawakusahau kulinda kilicho chao. Juu ya milango mingi ya Al-Hijr pameandikwa ni nani mwenye kaburi, na watoto wake, na ya kwamba haliuzwi wala halikodishwi, na atakayevunja sharti atatozwa faini. Leo faini hizo nani wa kuzitoza? Mwenye hati hayuko, mrithi hayuko, hati imebaki. Binaadamu ni hodari sana wa kuandika haki yake juu ya jiwe. Udhaifu wake huonekana pale anapotakiwa aikumbuke haki ya mwingine, isiyoandikwa popote.

Sasa turudi Ubaruku. Bonde la Usangu ni nchi ya majaruba na mifereji. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa China, ilijenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali, na wananchi nao wakafungua mashamba yao pande zote. Mchele wa Mbeya wajulikana pwani nzima. Pilau ya harusi ya Dar es Salaam au ya maulidi ya Bagamoyo huenda ikawa imetokana na maji ya hapa. Maji hayo huteremka milimani, yakapita katika mito kama Mbarali, yakaingia bwawa la Ihefu, na kutoka hapo mto Ruaha Mkuu huyapeleka kwenye mbuga ya wanyama, kisha Mtera, kisha Kidatu, yanakozalishwa umeme unaowasha taa za miji ya pwani.

Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya mbuga. Viboko na mamba husongamana katika vidimbwi vinavyobaki, na samaki hufa. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Wako waliosema ni mifereji ya mpunga, wako waliosema ni mifugo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bondeni, na mwaka 2008 hifadhi ya Usangu ikaunganishwa na Mbuga ya Taifa ya Ruaha. Hatuna haja hapa ya kuamua nani mwenye kosa zaidi. Ila kila aliyelima mpunga ajua jambo hili: kuna zamu ya maji, na kuna mtu huamka usiku, jirani yake amelala, akaufungua mfereji usio wa siku yake. Aliye juu hushiba. Aliye chini huamka akakuta jaruba lake limepasuka nyufa.

Atasema mtu: "Thamud waliangamia kwa ukafiri wao, wewe wawafananisha Waislamu wanaoswali na makafiri kwa ajili ya mfereji?" Haya, sisi hatusemi kuwa watu wa Usangu ni Thamud, Mwenyezi Mungu apishe mbali, wala hakuna ajuaye adhabu ya Mola itamshukia nani. Tusemayo ni haya: ukafiri wa Thamud ulikuwa moyoni, na uliposemwa utoke nje uonekane, ulitokea kisimani. Vile vile imani. Mtu aweza kudai imani msikitini siku zote, na ushahidi wake ukangojewa kwenye banio la maji, saa nane za usiku, pasipo mtu wa kumwona.

Tena aliyemchinja ngamia alikuwa mtu mmoja. Walimwita mwenzao naye akafanya. Lakini Kurani yawataja wote kuwa wamemchinja, na adhabu ikawachukua wote, kwa kuwa waliridhia. Hapa nasi watu wa pwani tumo. Tunaokula wali na kuwasha taa bila ya kuuliza maji yametoka wapi na nani amekosa fungu lake, tusijione kuwa tuko mbali na kisima.

Basi mwenye kutaka kwenda Madain Saleh, na aende, lakini aipange safari yake hivi.

Kwanza, ibada itangulie na matembezi yafuate, na fedha ya matembezi isiwe ni deni la watu wala haki ya watoto nyumbani. Siku mbili au tatu zatosha: moja ya kwenda, moja ya kutazama, moja ya kurudi Madina. Achague miezi ya baridi, Desemba hata Februari, achukue na nguo nzito, kwani usiku wa jangwa ni mkali.

Pili, kabla ya kuondoka asome sura za Al-A'raf, Al-Hijr, Ash-Shu'araa na Ash-Shams pamoja na tafsiri yake, yeye na watu wa nyumbani. Asiyesoma ataona mawe tu.

Tatu, akifika asipande juu ya makaburi, asiandike jina lake, asicheke wala asigeuze pahala pale kuwa uwanja wa kupigania picha. Akae kimya, atazame.

Nne, na hili ndilo kubwa, kabla ya kuondoka ajihesabu: ni zamu ya nani niliyoichukua? Jirani wa shamba, ndugu wa mirathi, mfanyakazi aliyengoja ujira wake, mnyama aliyefungwa bila ya maji. Amrudishie mwenyewe haki yake kwanza. Hapo ndipo atakapoweza kuingia bondeni mwa Thamud akilia kilio cha kweli.

Na asiye na uwezo asihuzunike. Aendaye pwani kutoka Ubaruku hupita Iringa, na karibu na mji huo, kama kilometa 20, liko korongo la Isimila, ambako mwaka 1951 ziligunduliwa zana za mawe za watu wa kale mno. Nguzo za udongo zimesimama humo kama minara, na pahala hapo penye ukame leo zamani palikuwa na ziwa. Hilo nalo ni la kuzingatiwa, na nauli yake ni ya basi.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na mikono yenye kuacha maji yapite yamfikie mwenye zamu yake. Amin.