Mti wa Njiani ni wa Nani?

Swali hili huonekana dogo, walakini ndani yake mna jambo kubwa la haki. Mti ulio uani kwako ni mali yako. Mti ulio katika kiwanja cha msikiti ni wa wakfu. Je, mti ulio kando ya barabara, unaowapa kivuli muuza madafu, mchukuzi na mtoto atokaye chuoni, ni wa nani?

Wako wasemao: "Ni wa serikali, nayo hufanya itakavyo." Wengine husema: "Si wa mtu." Kauli zote mbili ni makosa, na zote mbili huuangamiza mti ule ule: ya kwanza kwa msumeno wa mkubwa, ya pili kwa kisu cha mdogo.

Mwaka 2020, huko Nairobi, ilipokuwa ikitengenezwa barabara kuu mpya ya kilomita 27, mugumo mmoja mkubwa wa Westlands, uliokisiwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, ulikusudiwa kung'olewa. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamrisha uhifadhiwe. Barabara ikajengwa, na mti ukabaki. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini tuzingatie: miti mingine mingi ya njia ile haikupata mtetezi, ikaanguka. Mti uliookoka kwa amri ya mtu mmoja umepata bahati; haujapata haki.

Basi haki ni ipi? Ni kujua kwamba mti wa njiani ni amana, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuifanya mali yake. Mombasa, utunzaji wa miti ya mji ulikuwa mikononi mwa baraza la manispaa mpaka mwaka 2013, kisha ukaingia mikononi mwa serikali ya kaunti. Mikono ilibadilika; amana haikubadilika. Mwenye amana huihesabu: miti ni mingapi, iko wapi, upi mgonjwa. Na kabla ya kukata hubandika ilani, akataja sababu, akawasikiliza watu. Mti uliooza, unaohofiwa kuwaangukia wapitao, kuukata ni wajibu. Ama ulio mzima, kusema "tutapanda mwingine" si jawabu la kutosha. Mche hupandwa kwa siku moja, na kivuli chake hungojewa miaka mingi.

Sasa tujigeukie wenyewe. Nani achunaye gome la mwarobaini wa njiani kwa dawa, akalizungusha shina zima mpaka mti ukafa? Nani apigiliaye misumari ya matangazo, akachoma taka penye mizizi, akamwaga saruji hadi shinani? Ni sisi. Tukimshitaki mwenye msumeno na hali kisu ki mkononi mwetu, ushahidi wetu hautasikizwa.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu apandaye mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Wengi waliopanda miti ya miji yetu wamekwisha kufa, na sadaka yao ingali yaendelea. Basi aukataye bila ya haki hamdhulumu aliye hai peke yake. Amkatia na maiti thawabu yake, naye maiti hawezi kwenda barazani kushitaki.