Je, Rubani wa Mezani Anapoteza Umri Wake?

Miongoni mwa maswali ambayo ndugu zetu wapya, na wale wanaoendelea kuichunguza dini, hutuuliza mara kwa mara ni hili: mtu aliyekwisha kufanya kazi yake na kutimiza ibada yake, je, saa inayobaki ni mali yake, aitumie apendavyo? Zamani swali hili lilihusu bao, mpira na santuri. Siku hizi limepata sura nyingine, nami napenda kulijibu katika sura moja ambayo wazee wetu hawakupata kuisikia, yaani kurusha ndege mezani.

Huenda msomaji asiwe na habari ya jambo hili. Iko programu ya kompyuta iitwayo simuleta, ambayo humwonyesha mtu chumba cha rubani pamoja na vipimo vyake vyote: kasi, mwinuko, mafuta na dira. Mbele ya kioo huonekana njia ya kurukia, milima na mawingu. Mtu hushika usukani mdogo uliofungwa mezani, hukanyaga vikanyagio sakafuni, na ndege isiyokuwapo humtii au humwangusha kama ndege iliyopo. Mmarekani Bruce Artwick alitoa programu ya namna hii kwa kompyuta ndogo za nyumbani karibu na mwaka 1980, na kampuni ya Microsoft ikatoa ya kwake, iliyotokana na kazi ya bwana huyo, mwaka 1982. Ile iliyotolewa Agosti 2020 ina dunia nzima ndani yake, imeundwa kwa picha zilizopigwa kutoka juu. Wako watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao kila jioni hukaa saa mbili au tatu katika kiti hicho.

Wanaolaumu mchezo huu wana hoja mbili. Ya kwanza husema kwamba ni uwongo: mtu yu chumbani naye adai yuko angani. Hoja hii ni dhaifu. Uwongo ni kumfanya mwenzako aamini lisilo kweli. Mtoto wa Mbinga akipika ugali wa udongo na kumkaribisha mdogo wake, hakuna aliyedanganywa hapo. Hata huyo mdogo haumezi. Kuiga ni mlango wa kujifunza, na Mwenyezi Mungu ameuweka katika maumbile ya mtoto kabla hajaweza kusema.

Tena historia ya chombo hiki chenyewe yawajibu. Edwin Link, kijana wa Binghamton katika jimbo la New York, alilelewa katika kiwanda cha baba yake kilichotengeneza vinanda. Akachukua mivukuto na pampu za vinanda akaunda kisanduku chenye mabawa mafupi, kilichoinama na kuinuka kama ndege, akakimaliza mwaka 1929. Wenye kununua wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya starehe, ambako watu walilipa senti ili kujifurahisha. Wanajeshi hawakukijali. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na marubani ambao hawakuzoea kuongozwa na vipimo peke yake wakafa mmoja baada ya mwingine katika mawingu na giza. Ndipo jeshi likanunua visanduku 6. Hadi kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, wanahewa waliofundishwa ndani ya visanduku hivyo wanakisiwa kufikia nusu milioni. Basi kile kilichokuwa kichezeo cha sokoni kiliokoa roho za watu. Anayehukumu kitu kwa kuwa tu ni mchezo na aitazame habari hii.

Lakini wale wasemao uwongo wamekaribia jambo moja la kweli pasipo kulijua. Kuiga si uwongo, ila mwenye kuiga anawajibika kusema kweli. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikaanguka karibu na Bishoftu baada ya dakika 6. Watu wote 157 walikufa, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya. Miezi mitano nyuma ndege nyingine ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka huko Indonesia na kuua watu 189. Ndani ya ndege hizo mlikuwa na mtambo uliosukuma pua ya ndege chini wenyewe, na kabla ya ajali ya Indonesia vitabu vya marubani havikuutaja. Waliotoka katika ndege za 737 za zamani hawakulazimishwa kuingia katika simuleta ili kuijua hii mpya; somo fupi la kompyuta lilihesabiwa kuwa latosha, na jambo hilo lilipunguza gharama za wanunuzi. Kisha Mei 2019 kampuni ikakiri kwamba hata simuleta za ndege hiyo zilikuwa na kasoro, hazikuweza kuonyesha sawasawa hali fulani za urukaji. Januari 2020 ikapendekeza marubani wote wa ndege hiyo wapitie simuleta kwanza.

Ndugu msomaji, tafakari hapo. Rubani aliyekaa katika mashine ya kuigiza huamini kwamba anayoonyeshwa ndiyo atakayoyakuta. Akifichwa jambo moja tu, ameibiwa silaha yake. Kwa hiyo swali la kweli na uwongo halimhusu sana mchezaji mezani kwake. Lamhusu mwenye kuitengeneza mashine, na mwenye kuiuza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husema: sawa, si uwongo, lakini ni upuuzi, na muumini ameagizwa kujiepusha na upuuzi. Hapa hatuwezi kujibu ndiyo au siyo mpaka tuulize mtu huyo afanya nini huko angani, maana wachezaji hawa hawafanani.

Wengi wao, kwa kadiri nilivyowasikia, hupenda kuliko yote kuruka juu ya kwao. Mtu aliyenunua dunia nzima haendi kwanza Paris wala Makka. Huenda kijijini kwake. Wengine hupenda mahali palipokufa: kiwanja cha Meigs kule Chicago, ambacho wachezaji wa zamani walianzia safari zao hapo kila walipowasha kompyuta, kiliharibiwa kwa matingatinga usiku mmoja wa Machi 2003, na mpaka leo wapo wanaotua pale mezani kwao. Sioni kosa katika hilo. Moyo wa binadamu hupenda kurudi.

Namjua kijana mmoja wa kwetu aishiye ng'ambo, mwenyeji wa Kingerikiti, ambaye hufanya hivyo. Huondoka Songea katika ndege ndogo na kuelekea magharibi. Baada ya dakika ishirini hivi yu juu ya Mbinga. Huiona milima ya Umatengo, ambayo baadhi ya vilele vyake hukaribia mita 2,000, kisha hugeukia kusini juu ya vilima vya kwao, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Mara ardhi huporomoka na ziwa hutokea, lililo kwenye mita 475 tu juu ya bahari, nalo lina kina cha kufikia mita 700. Hushuka hadi Mbamba Bay akageuza. Aliniambia kwamba mteremko ule humtoa machozi.

Nikamwuliza, "Mama hajambo?"

Akasema, "Hajambo, Mwalimu. Jana jioni nimepita juu ya nyumba. Nimeliona bati."

Nikamwuliza kama jikoni kulikuwa na moshi. Akacheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa picha za mashine hazina moshi. Usiku ule alipiga simu, mara ya kwanza tangu wiki nyingi. Mama yake alimhadithia habari za kahawa na za majirani, na mwisho kabisa, kama jambo lisilo na uzito, akataja kwamba upepo uliliezua paa tangu masika, naye analala kwa shemeji. Bati lile aliloliona kijana yule kila jioni lilipigwa picha zamani, wakati paa lingali juu ya nyumba.

Simlaumu kwa kuruka. Alikuwa na upweke, na upweke wa ng'ambo ni mkali. Ila kuunga udugu ni wajibu, na mashine ilikuwa imempa ile ladha ya kwenda nyumbani bila ile kazi ya kwenda nyumbani: kuuliza, kusikia lawama, kutuma fedha ya misumari. Ladha ikimtosha mtu, wajibu husahauliwa naye asijue kwamba ameusahau. Ndiyo sababu mimi naogopa michezo mizuri kuliko mibaya. Mibaya hutuchukiza upesi.

Hata nchi yenyewe mashine haikuipata. Kijana yule akiwa juu ya miteremko ya Umatengo huona rangi ya kijani na kahawia, wala haoni ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama nyavu ambayo Wamatengo huyachimba ili mvua isichukue udongo wa mlimani. Ziwani haoni nkungu, wale wadudu wadogo wanaopanda juu kwa maelfu kwa maelfu hata ukadhani ni moshi wa meli, nao watu wa mwambao huwakamata na kuwala. Haya si makosa ya mtengenezaji. Mungu aliumba vingi kuliko vinavyoonekana kutoka juu.

Wengine hufurahia kurusha ndege kwa pamoja. Uko mtandao uitwao VATSIM, ulioanzishwa mwaka 2001, ambamo mmoja hujitolea kuwa mwongoza ndege mnarani na wengine huwa marubani wanaomtii, bila mshahara kwa yeyote. Hapo mtu hujifunza kungoja zamu, kurudia agizo alilopewa neno kwa neno, na kutokasirika akiambiwa azunguke. Ni adabu njema, na yapo mabaraza ya wazee yanayoihitaji. Mtandao huo humtaka rubani awepo mbele ya mashine yake. Lakini anayecheza peke yake ana kitufe cha kuisimamisha ndege hewani, nayo husimama hapohapo hata akirudi. Basi yule aliyenambia kwamba sala ya Alasiri ilimpita kwa kuwa alikuwa juu ya bahari na mafuta machache, nilishindwa kumpatia udhuru.

Huenda mtu akauliza: na wale wanaopenda kuangusha? Wapo, na si wachache. Humwinua abiria wa kuwaziwa mpaka mawinguni, wakamtosa. Wengine huigiza ajali zilizotokea kweli. Nadhani hapa nia ndiyo yenye kutenganisha. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam, aina ya ATR 42, ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo watu 43; 24 waliokoka, na 19 wakafa, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia, na watu wakatoka. Anayeirudia njia ile mezani ili aelewe jinsi kiwanja kilicho ukingoni mwa ziwa kinavyokuwa kigumu katika mvua, huyo anasoma. Anayeirudia ili acheke na marafiki, ajue kwamba yapo makaburi Kagera, na wenye makaburi wangali hai. Kitufe cha kuanza upya kiko katika mashine yake tu.

Wala asidhani kwamba aliyezoea mezani amekwisha kuwa rubani. Kiti cha nyumbani hakiinami. Ndege ya Kenya Airways iliyoanguka usiku wa tarehe 5 Mei 2007 baada ya kuondoka Douala, watu 114 wakafa, ilipotea kwa kuwa marubani wake katika giza hawakutambua jinsi ilivyolala upande. Mwili humdanganya mwanadamu gizani, na udanganyifu huo hauna budi kufundishwa kwa mwili. Ndiyo maana mamlaka za usafiri wa anga hazizihesabu saa za kiti cha sebuleni kwa ajili ya leseni, isipokuwa mashine iwe imekaguliwa na kuidhinishwa.

Hata hivyo saa hizo zimehesabiwa mahali pengine. Bao halina daftari, wala barazani hakuna anayeandika tulikaa muda gani tukisema watu. Programu hizi aghalabu huandika zenyewe: kila safari, tarehe yake, dakika ilipoondoka na ilipotua, na jumla chini. Saa 400 ni siku 16 na saa 16, usiku na mchana bila kulala. Kwa muda huo mtu hutoka Dar es Salaam kwa basi hadi Songea, akaenda Mbinga, akashuka ziwani, akaezeka paa la mama yake, akakaa wiki nzima, akarudi. Ukurasa ule wa hesabu hufunguliwa kwa kubonyeza mara moja, nao uko wazi kwa mwenye mashine peke yake.