Kiraka Kinachoshika

Swali lenyewe ni dogo, lakini limetugombanisha mimi na shemeji yangu tangu Mfunguo Mosi. Bwawa la kujaza upepo lilikuwa likivuja, likazibwa, kiraka kikashika. Je, muuzaji ana wajibu wa kumwambia mnunuzi kwamba liliwahi kuvuja? Shemeji, ambaye husomesha fiqhi msikitini baada ya Magharibi, anasema hapana. Mimi ninayeziba nasema ndiyo.

Nauza vitu vilivyokwisha tumika, hapa Mwanakwerekwe. Huja kwa kontena kutoka Uingereza: baiskeli za watoto, mashine za kufulia, sufuria, na karibu kila mzigo una mabwawa ya plastiki ambayo wenzetu huyatandaza uani kwa zile wiki chache za jua lao, kisha wakayatupa. Kwetu yana soko, khasa Sikukuu inapokaribia. Bwawa la kawaida lina pete tatu za upepo zilizopandana, kila pete na mdomo wake, na likifika kwangu aghlabu pete moja haikai na upepo. Vile viraka vilivyokuwemo katika boksi lake vimeshapotea zamani.

Kutafuta tundu kunataka subira. Unalijaza bwawa mpaka liwe gumu, unazima pampu, unatega sikio. Tundu kubwa utalisikia likifoka. Dogo halisemi, hilo linataka maji ya sabuni. Unapaka kwa sifongo pole pole, pete kwa pete, na pale povu linapojikusanya na kufura ndipo penyewe. Mimi huanza mdomoni, maana mara nyingi ni kizibo tu hakikukaa sawa. Kisha naifuata mishono, pale plastiki mbili zilipounganishwa kwa moto. Tundu la ubavuni ni jepesi. La mshononi ni balaa, kwa sababu kiraka hakipati mahali pa kulala. Ukishaliona, lizungushie wino usiofutika, toa upepo wote, kausha, futa kwa spiriti, kata kiraka cha duara kwa sababu chenye pembe huanza kunyanyuka pembeni, paka gundi ya plastiki, bandika, weka kitu kizito juu yake na uende ukalale. Solusheni ya fundi baiskeli usithubutu. Ile ni ya mpira, na mabwawa haya ni PVC. Itakudanganya leo, kesho kiraka kimebanduka kizima kizima.

Na si kila bwawa lililolegea linavuja. Upepo uliojazwa mchana jua likiwa utosini hunywea usiku hewa ikipoa, na asubuhi mtu anakuja kunigombeza. Mwengine hulijaza likawa gumu alfajiri, akaliacha juani, upepo ukatanuka na mshono ukapasuka. Hapo bwawa halina kosa, upepo ndio tabia yake. Katika hili mimi na shemeji ni kitu kimoja. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana katika darsa zetu za Kishafii, anaieleza kasoro kuwa ni kile kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake hata lengo sahihi likakosekana, ikiwa kwa kawaida vitu vya jinsi hiyo havinacho. Kunywea kwa baridi kila bwawa duniani linako.

Tumeachana njia kwenye kiraka. “Shemeji,” ananiambia, “mnunuzi akiona kasoro, kisha ikaondoka kabla hajarudisha bidhaa, haki yake ya kurudisha imeanguka. Sembuse iliyoondoka kabla hata hajanunua?” Hoja hiyo si ya kuichezea. Nikamtajia nafaka ya soko la Madina, habari iliyomo katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya fungu, vidole vikakuta majimaji, muuzaji akasema ni mvua, naye akamuuliza kwa nini yale ya majimaji hakuyaweka juu watu wakayaona. Shemeji akatabasamu. Nafaka ile, akasema, ilikuwa bado imerowa. Je, ingekuwa imeshaanikwa ikakauka?

Kisha akaleta habari ya Abdullah bin Umar, iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik. Ibn Umar alimuuza kijana wake mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hana dhamana ya kasoro. Baadaye mnunuzi akalalamika kwamba kijana ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakaenda kwa Uthman bin Affan, naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa na habari ya maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha kijana kwake. Kijana akapona, na Ibn Umar akamuuza tena kwa dirhamu 1,500. “Umeona?” akasema shemeji. “Amepona, basi. Bei imepanda karibu maradufu.”

Nami naandika haya nikiwa Unguja, ambako soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Habari ya kijana yule siwezi kuisoma kwa moyo mwepesi. Mtu alipofanywa bidhaa, hata homa yake ilifanywa kasoro ya bidhaa. Lakini jibu langu kwa shemeji nimelipata humo humo. Yule kijana alipona. Mwili wake wenyewe uliyashinda maradhi, na palipokuwa na ugonjwa pakawa hapana kitu. Bwawa halijapona na halitapona. Tundu liko pale pale, ukubwa ule ule, na juu yake pana gundi yangu inayopambana na jua, klorini na vidole vya watoto. Mnunuzi hanunui bwawa lisilo tundu. Ananunua bwawa lenye tundu, na juu yake kazi ya mikono yangu, na mikono yangu haijui. Ndiyo maana namwonyesha kiraka kabla hajatoa pesa. Bei hushuka, tena hushuka khasa, na wapo wanaoondoka kwenda kwa jirani ambaye haonyeshi kitu.

Shemeji bado hajakubali, na mimi sikumlazimisha. Kilichonishughulisha zaidi ni upande wa pili wa hoja hiyo, ambao yeye hakuutazama.

Maana kama tofauti ni kupona, basi mtu si bwawa. Dini inayonitaka nianike kasoro ya plastiki ndiyo hiyo hiyo inayonitaka nisitiri ya mwanadamu. Katika Muwatta hiyo hiyo imo habari ya mtu aliyeposwa dada yake, akamweleza mposaji kwamba dada huyo aliwahi kuzini. Sayyidna Umar aliposikia alimpiga, au alikaribia kumpiga, akamuuliza ana haja gani ya kutoa habari hiyo. Zamani nilikuwa nikishangaa: muuza nafaka analaumiwa kwa kuficha, na ndugu huyu analaumiwa kwa kusema? Sasa sishangai. Anayetubu, kwa mafundisho yetu, huwa kama asiye na dhambi. Haambiwi kwamba dhambi yake imebandikwa kitu juu.

Asiniambie mtu kwamba basi kila kitu cha watu kifichwe. Fatima binti Qays alipotaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume alimwambia waziwazi: Muawiya hana mali, na Abu Jahm fimbo haimtoki begani, na akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Habari hiyo nayo imo katika Sahih Muslim. Lakini tazama alichosema. Ni umasikini wa wakati ule na ukali wa wakati ule, mambo ambayo mwanamke yule angeyakuta siku ya kwanza ndani ya nyumba. Hakumfukulia mtu yaliyopita.

Dukani kwangu hawaji wanunuzi peke yao. Huja mama mtu mzima, akageuza geuza sufuria asiyoitaka, kisha sauti ikashuka: “Bibi, huyu binti wa nyumba ya pili, kijana wangu anamtaka. Nasikia zamani aliwahi...” Hapo mimi huanza kupanga vikombe. Vijana wa kiume huulizwa pia, lakini si sana, na hilo nalo lina dhuluma yake. Binti hukaguliwa kama anayetafutwa povu, na kaka yake hupita bila ya kupakwa sabuni.

Basi nawaomba, mama zangu na wenzangu. Kama mchumba anapiga watu leo, anakula madawa leo, ana mke mwengine Pemba ambaye hamjaambiwa, niulizeni, nitafunga mlango na nitawaambia ninalolijua. Ya jana ya mtu aliyekwisha yaacha, msiniulize. Habari za mabwawa ulizeni zote, hata za tundu lililozibwa mwaka juzi.