Kamera na Mlima

Mtu akikusudia kununua kamera yake ya kwanza ya dhati, ili apige picha za nchi anapotembea kwa miguu, aghalabu huuliza ipi iliyo bora. Swali hilo humwendea muuza duka, na muuza duka hulijibu kwa bei. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili kabla ya kuwa la biashara, na mahali pazuri pa kulipima ni Pasua, katika mji wa Moshi, kwa kuwa pale ni shida mtu kuinua macho kuelekea kaskazini asikutane na kitu ambacho ulimwengu umekwisha kukipiga picha mara zisizo na hesabu.

Kibo huonekana asubuhi na mapema, na tena jua linapokaribia kuchwa. Mchana mara nyingi mawingu huufunika mlima, na mgeni aliyechelewa kuamka huondoka akidhani amedanganywa. Kutoka Pasua hadi kileleni, penye mita 5,895, ni zaidi ya kilometa 30. Kati ya jicho na barafu pana mabati ya nyumba, nguzo na nyaya za umeme, nguo zilizoanikwa, kisha mji, kisha vihamba vya migomba na kahawa, kisha msitu. Lenzi ya kuvuta huyaruka yote hayo, ikamletea mwenyewe mlima mtupu usio na jirani. Lenzi pana huyakumbatia yote, lakini mlima hubaki kama kichuguu nyuma ya paa. Ipi imesema kweli?

Wako wanaojibu kwamba zote mbili zimesema kweli, maana hakuna lililoongezwa. Jibu hilo halinitoshi. Shahidi aulizwaye barazani juu ya ugomvi wa mpaka, akaeleza habari za mti mmoja na kunyamaza juu ya wenye shamba, hakusema uongo, lakini baraza halitamshukuru. Picha nyingi za Kilimanjaro zilizoenea duniani ni ushahidi wa namna hiyo: tembo mbele, mlima nyuma. Aghalabu hizo hupigwa Amboseli, ambayo iko Kenya. Wachagga waliochimba mifongo, wakayaongoza maji ya mito hadi vihambani, hawamo. Sidai kwamba kila picha lazima iwe na mtu. Picha ya jiwe ni halali. Nasema tu kwamba achaguaye lenzi huchagua pia kile atakachozoea kukiacha nje.

Kwa hiyo namshauri anayeanza atafute kamera ndogo yenye lenzi moja isiyovuta, ambayo upana wake wakaribia ule tunaoutazama kwa macho yetu. Wenye kazi yao huitaja kwa milimita 35 au 50. Si lazima iwe mpya. Bei ya kamera mpya hupita mshahara wa mwezi wa watu wengi, na iliyotumika, ya miaka kumi iliyopita, yatosha. Uzito nao ni hoja: kamera nzito na stendi yake hubebwa kwa furaha juma la kwanza, na juma la tatu hubaki nyumbani.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mwenye lenzi isiyovuta, akitaka kitu kiwe karibu, hana budi kukiendea. Na akiupanda mteremko kuelekea Uru au Kibosho, atafika penye masale ya mtu. Masale ni alama ya mpaka, tena ni jani ambalo Mchagga humpelekea mwenziwe aliyemkosea anapotaka radhi. Hapo mpiga picha hupiga hodi, akaulizwa atokako, na pengine akakataliwa. Lenzi ya kuvuta humwezesha kuchukua bila hodi.

Yuko atakayesema kuwa simu yatosha. Yatosha kwa mengi. Ila asubuhi, barafu inapong'aa na migomba ingali gizani, simu husawazisha mwanga kwa shauri lake yenyewe; kamera yenye kumwachia mtu kupima mwanga, na kuhifadhi picha ghafi, humlazimu aamue kipi kiwe cheusi.

Hata hivyo kuna ushahidi unaopinga hoja yangu, nao ni mzito. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler, Wajerumani, walikwea Mawenzi, wakaupima mlima kwa picha. Hawakuwa wakitafuta jirani za mlima. Walitaka miamba na barafu. Nasi leo twawashukuru, kwani kwa kazi yao yajulikana kwamba barafu ya mwaka ule ilienea kilometa za mraba 12 hivi, na mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Picha iliyoacha mengi imekuwa shahidi mwema. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu upimaji wa namna ile hauwezekani bila ya kujua picha ilipigwa kutoka wapi na lini. Mwingine aweza kusimama papo hapo akalinganisha.

Basi mnunuzi ambaye fedha yake haikufikia lenzi ya pili, na anunue daftari, aandike humo kila arudipo: Pasua, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Januari, Mawenzi upande wa kulia, na jina la mwenye kihamba, kama alikubali liandikwe.